Utendaji, Nguvu na Nishati: Istilahi na Hesabu za Kuchagua Kichakataji cha Kipakatalishi kwa Mtafiti wa Lugha Nyanjani

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo kwa desturi huachiwa mafundi: namna ya kuchagua kichakataji cha kipakatalishi kwa kupima bei yake, umeme kinaotumia, na muda ambao betri itadumu. Jambo hili linaletwa mbele ya wanaisimu kwa sababu mbili. Kwanza, mtafiti wa lugha siku hizi haendi nyanjani na daftari peke yake. Hurekodi sauti, huinukuu papo hapo pamoja na msemaji, na kuitazama michoro ya mawimbi yake kabla hajaondoka kijijini. Mashine ikizimika katikati ya kikao, maelezo ya mzee aliyekuwa akisahihisha irabu au toni hukatika, na pengine hayapatikani tena. Pili, sehemu kubwa ya makosa yanayofanywa wakati wa kununua mashine hizo inatokana na lugha yenyewe. Neno moja la Kiswahili, yaani nguvu, limebebeshwa maana tatu zilizo mbalimbali, na mnunuzi hulipia maana moja akidhani amepata nyingine.

Mfano utakaotumika ni wa Kiptere, katika eneo la Sigowet, Kaunti ya Kericho, upande wa nchi unaoteremka kuelekea Sondu. Hapo Kipsigis, lugha mojawapo ya kundi la Kikalenjin, ndiyo lugha ya nyumbani; na mtu akishuka hadi soko la Sondu hukutana na Kijaluo na Ekegusii, Kiswahili kikiwa kiungo cha biashara. Ni mahali pafaapo sana kwa utafiti. Taaitta Toweett, mwenyeji wa nchi hiyo ya Kericho, alichapisha kitabu chake A Study of Kalenjin Linguistics mwaka wa 1979, na kazi iliyobaki baada yake bado ni kubwa. Toni, urefu wa irabu, na mgawanyiko wa irabu kwa kadiri ya msogeo wa shina la ulimi ni mambo yasiyoandikika kwa tahajia ya kawaida. Yataka sikio, na yataka sauti iliyohifadhiwa vizuri.

2. Neno nguvu na mzigo wake

Muuza kompyuta husema kwamba mashine fulani "ina nguvu", akimaanisha kwamba hufanya kazi upesi. Akiulizwa habari za betri, husema kwamba nayo "ina nguvu", maana yake hukaa muda mrefu bila kuchajiwa. Na chaja iliyoandikwa wati 65 husemwa kuwa "ina nguvu" kuliko ile ya wati 45. Katika matumizi ya kila siku hakuna ubaya wowote, kwa kuwa msikilizaji huipata maana kutokana na muktadha. Lakini katika kununua, hapana budi maana hizo zitenganishwe. Tunapendekeza zitenganishwe hivi:

(a) Utendaji: kiasi cha kazi ambacho kichakataji hukikamilisha kwa muda maalumu.

(b) Nguvu: kasi ambayo mashine hutumia umeme. Kipimo chake ni wati.

(c) Nishati: jumla ya umeme uliotumika au uliohifadhiwa. Kipimo chake ni wati-saa. Wati-saa 1,000 ni kilowati-saa moja, ndiyo "yuniti" tunayoinunua kwa tokeni za mita.

Kwa wenyeji wa nchi ya chai tofauti hizi si ngeni. Kiwanda cha chai hupokea majani mabichi na kuyachakata. Na kitenzi hicho hicho, chakata, ambacho hutumika pia kwa mkonge na samaki, ndicho kilichotupatia kichakataji. Kilo za chai kavu zinazotoka kiwandani kwa saa ni utendaji wake. Kuni zinazoingia tanurini kwa saa ni nguvu. Rundo la kuni lililopangwa uani ni nishati. Meneja anayetaka kujua kama kiwanda kitafika asubuhi bila kuzimika haulizi kiwanda ni kikubwa kiasi gani. Huligawanya rundo kwa kuni zinazochomwa kila saa. Mnunuzi wa kipakatalishi naye yampasa afanye hesabu hiyo hiyo, yaani wati-saa za betri zigawanywe kwa wati zinazotumiwa, na jibu ni saa.

Yafaa kuongeza neno juu ya istilahi nyingine. Nchini Kenya umeme wenyewe huitwa stima, neno lililotokana na mitambo na meli za mvuke. Watu husema "stima imepotea" hata pale ambapo hakuna mvuke wowote. Kipakatalishi, lililoundwa kutokana na kitenzi pakata na neno tarakilishi, lilivuma sana baada ya mwaka wa 2013, wakati serikali ilipoahidi mashine hizo kwa wanafunzi wa darasa la kwanza. Tanzania wengi husema kompyuta mpakato. Wauzaji wa pande zote mbili husema prosesa. Hatuoni sababu ya kugombania majina haya, maana kila moja linaeleweka mahali pake. Upungufu uko katika nguvu, kwa kuwa hapo maana tatu zimeingia katika nyumba moja.

3. Jinsi kichakataji kinavyotumia umeme

Kichakataji ni kipande cha silikoni chenye mabilioni ya transista, yaani swichi ndogo mno. Kila swichi inapowashwa au kuzimwa, chaji kidogo ya umeme hujazwa na kumwagwa. Nguvu inayotumika katika kazi hiyo hutegemea mambo matatu: idadi ya swichi zinazofanya kazi, mara ngapi zinageuka kwa sekunde, na volti zinazozisukuma. Jambo la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu nguvu hukua kwa mraba wa volti.

Tuchukue mfano. Kichakataji kinakwenda kwa gigahezi 4, yaani mapigo bilioni nne kwa sekunde, kikisukumwa na volti 1.2. Kikipunguzwa hadi gigahezi 3, kitaweza kwenda kwa volti kidogo zaidi. Tuseme volti 0.9. Mapigo yamepungua kwa robo, na volti pia zimepungua kwa robo. Lakini nguvu imeshuka hadi asilimia 42 ya ile ya awali. Kazi iliyokuwa ikimalizika kwa dakika tatu sasa itachukua dakika nne, na nishati ambayo kichakataji kitaitumia kuimaliza ni asilimia 56 tu ya ile ya kwanza. Hii ndiyo sababu robo ya mwisho ya kasi ina gharama kubwa kupita zote: mnunuzi huongezewa utendaji kidogo, na betri hutozwa sana.

Mwaka wa 1974 Robert Dennard na wenzake wa kampuni ya IBM walionyesha kwamba transista zikizidi kuwa ndogo, volti zake nazo zaweza kupunguzwa, hata kipande chenye ukubwa ule ule kisiongeze joto. Kanuni hiyo iliwabeba watengenezaji kwa miaka thelathini hivi. Ilipofika katikati ya muongo wa 2000 volti hazikuweza kushushwa kama zamani, na joto likawa ukuta. Tangu hapo watengenezaji, badala ya kuongeza mapigo peke yake, wameongeza viini, yaani vichakataji kadhaa ndani ya kipande kimoja, kila kimoja kikishika kazi yake.

Njia nyingine ilikuwa imekwisha kuanza Cambridge, Uingereza, ambako kampuni ya Acorn ilipata kichakataji chake cha kwanza cha aina ya ARM mwaka wa 1985. Muundo wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba, kama wabunifu wake walivyosimulia baadaye, kilionekana kikifanya kazi kabla hakijapelekewa umeme wake rasmi. Kilikuwa kikiishi kwa umeme mchache uliovuja kutoka sehemu nyingine za saketi. Ukoo huo ndio uliotawala simu za mkononi, na mwezi wa Novemba 2020 kampuni ya Apple iliuingiza katika vipakatalishi vyake kwa kichakataji kiitwacho M1. Apple ilitangaza kwamba MacBook Air ya mwaka huo, yenye betri ya wati-saa 49.9, ingeweza kutumika kwa saa 15 za kusoma kurasa za intaneti. Tukigawanya, mashine nzima pamoja na kioo chake inatumia wastani wa wati 3.3. Hilo ni tangazo la muuzaji, na hali halisi huwa chini yake. Hata hivyo linaonyesha umbali uliokwisha kusafiriwa.

4. Majina, bei na wati za karatasini

Sokoni mnunuzi hakutani na volti wala viini. Hukutana na majina. Wengi wamezoea kuamini kwamba i7 ni bora kuliko i5, na i5 ni bora kuliko i3, kisha hulipa kwa kufuata ngazi hiyo. Ngazi hiyo ni ya kweli ndani ya kizazi kimoja na daraja moja tu la mashine. Nje ya hapo hupotosha.

Tulinganishe vichakataji viwili vya Intel vinavyopatikana sana katika vipakatalishi vya mtumba. Core i7-7500U cha mwaka wa 2016 kina viini viwili. Core i5-8250U cha mwaka wa 2017 kina viini vinne. Vyote viwili vimeandikiwa wati 15. Kile chenye jina dogo kina viini mara mbili, na kwa kazi zinazogawanyika hukipita kile chenye jina kubwa. Tena Microsoft ilipoleta Windows 11, kile cha 2017 kilikubaliwa na kile cha 2016 kikaachwa nje. Na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo anayelipa zaidi kwa sababu ya tarakimu saba amenunua jina. Tarakimu ya kutazamwa kwanza ni ile inayofuata kistari, kwa kuwa ndiyo inayotaja kizazi.

Herufi ya mwisho nayo ina maana. Katika mpango wa majina uliotumiwa na Intel kwa miaka mingi, U huonyesha kichakataji cha matumizi madogo ya umeme, kwa kawaida wati 15, na H huonyesha cha matumizi makubwa, kwa kawaida wati 45. Mwaka wa 2023 kilitoka N100, chenye viini vinne na wati 6 tu, kwa ajili ya mashine za bei nafuu. Kwa kazi za kawaida za maandishi, utendaji wake unakaribiana na ule wa i5-8250U. Miaka sita imetosha kuifanya kazi ile ile ifanywe na kichakataji kilichoandikiwa chini ya nusu ya wati za awali.

Lakini wati hizo za karatasini zisisomwe kana kwamba ni matumizi halisi. Hutaja joto ambalo mtengenezaji wa mashine anatakiwa aweze kuliondoa wakati wa kazi ya mfululizo. Core i7-12700H cha mwaka wa 2022 kimeandikiwa wati 45, na kwa muda mfupi chaweza kupanda hadi wati 115. Kwa upande mwingine, kichakataji cha wati 15 kinachosubiri mwandishi afikiri neno lifuatalo hutumia wati moja au mbili tu. Hapo kioo cha mashine ndicho huwa mlaji mkubwa, na kupunguza mwangaza wake huleta faida bila gharama yoyote.

5. Bei ya umeme na bei ya giza

Watu wengi wakisikia habari za kupunguza matumizi ya umeme hufikiri bili. Hebu tuipige hesabu. Mashine inayotumia wastani wa wati 10, ikifanya kazi saa 200 kwa mwezi, hutumia yuniti 2. Inayotumia wastani wa wati 40 hutumia yuniti 8. Tofauti ni yuniti 6. Tukikadiria kwamba yuniti moja ni shilingi 30, tofauti hiyo ni shilingi 180 kwa mwezi, au shilingi 2,160 kwa mwaka. Mbele ya mashine inayouzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi, hiki ni kiasi kidogo. Ofisini Nairobi, ambako soketi iko ukutani na jenereta iko uani, anayetaka kichakataji cha wati 45 hana sababu kubwa ya kujinyima.

Bei halisi hujitokeza pale ambapo soketi haipo. Maji ya mto Sondu huendesha mitambo ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60, chini tu ya nchi tunayoizungumzia; lakini ukaribu wa bwawa si dhamana kwamba nyaya za kijijini zitakuwa na stima siku ya kazi. Nchi ya Kericho ina desturi ya mvua ya alasiri, mara nyingi yenye radi na mvua ya mawe. Mvua hiyo hukata umeme, nayo mawingu yake hupunguza kazi ya paneli za jua. Paneli ya wati 50 ikipata saa nne za jua kamili hutoa wati-saa 200 kabla ya hasara za njiani. Alasiri ikifunga mapema, hupatikana nusu yake au pungufu. Mtafiti hana budi basi kuihesabu siku yake kwa wati-saa, kama msafiri wa jangwani anavyoyahesabu maji.

6. Hesabu ya siku moja Kiptere

Tuseme kikao na wazee kinaanza saa tatu asubuhi na kutarajiwa kumalizika saa nane mchana, kabla ya mvua. Ni saa tano. Kazi ni kunukuu kwa programu ya ELAN, kutazama toni kwa Praat, na kuandika. Sauti hurekodiwa kwa kinasa sauti cha pembeni kisha huhamishwa. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24 na njia mbili, saa moja ya sauti huchukua takriban gigabaiti moja ya nafasi. Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji kichakataji cha daraja la H. Praat hufanya kazi nyingi ndani ya sekunde chache, kisha hubaki ikimsubiri mtu.

Mnunuzi ana chaguo tatu. Wastani wa wati uliotajwa hapa ni wa kukadiria, kwa mashine nzima pamoja na kioo, katika kazi nyepesi.

Chaguo la kwanza ni mashine mpya ya daraja la H, betri ya wati-saa 56, wastani wa wati 14. Hupata saa nne. Ndiyo ya bei kubwa kuliko zote, nayo huzimika saa saba mchana, kikao kikiwa bado.

Chaguo la pili ni mashine mpya ya bei nafuu yenye N100, betri ya wati-saa 38, wastani wa wati 6. Hupata saa sita na dakika ishirini. Betri yake ni ndogo kuliko ya kwanza, lakini hudumu zaidi.

Chaguo la tatu ni mashine ya mtumba yenye i5-8250U. Betri yake ilipokuwa mpya ilikuwa na wati-saa 50; sasa imechakaa na kubakiwa na asilimia 60, yaani wati-saa 30. Kwa wastani wa wati 8 hupata saa tatu na dakika arobaini na tano. Akiibadilisha betri kwa mpya ya wati-saa 50, hupata saa sita na robo.

Kutokana na hesabu hii tunaona kwamba chaguo la pili na la tatu yote yanafaa, kwa masharti. La pili lina hatari ya kuwa na kumbukumbu ndogo. Mashine nyingi za bei ya chini huuzwa na gigabaiti 4 zilizochomelewa, zisizoweza kuongezwa. Asikubali chini ya gigabaiti 8. La tatu huwa na nafasi ya kuongeza kumbukumbu, lakini mnunuzi aitoze betri mpya katika bei tangu mwanzo, na kabla ya kulipa aombe mashine ionyeshe ripoti ya betri: wati-saa ilizoundwa nazo, na wati-saa inazoshika leo. Tarakimu hizo mbili zina ukweli kuliko neno lolote la dukani.

Chaguo la kwanza lisidharauliwe kabisa. Iko kazi inayolihitaji, kama vile kuhariri video za sherehe, au kuendesha programu za kutambua usemi zenye miundo mikubwa, mfano wa Whisper uliotolewa mwaka wa 2022. Lakini kazi hizo zaweza kungoja hadi mtafiti arudi chuoni, kwenye mashine ya mezani iliyounganishwa na umeme. Si busara kuupeleka nyanjani mzigo ambao ungebebwa vizuri zaidi nyumbani.

7. Hitimisho

Tumekwisha kuona kwamba utendaji, nguvu na nishati ni mambo matatu yanayohusiana bila kuwa kitu kimoja. Kutokana na hayo utaratibu wa kuchagua hujipanga wenyewe: kwanza kuitaja kazi itakayofanywa mbali na soketi, pili kukadiria saa zake, tatu kutafuta kichakataji chenye wati chache kinachoimudu kazi hiyo, na mwisho kuzielekeza fedha zilizookolewa kwenye betri nzima na kumbukumbu ya kutosha. Bei huingia baada ya hesabu hii; ikitangulia, huuza majina.

Kwa upande wa lugha, tunawaachia wenzetu wa istilahi hoja moja. Kazi kubwa imefanywa kuyapatia Kiswahili majina ya vitu: kipakatalishi, kichakataji, kishikwambi. Kazi ya kuyapatia majina mahusiano kati ya vitu hivyo, mathalani kasi ya kutumia na jumla iliyotumika, imebaki nyuma, na hapo ndipo msemaji anapopata hasara ya fedha na ya data. Neno nguvu liendelee kuishi sokoni kama linavyoishi. Lakini katika madarasa yetu, katika miongozo ya nyanjani, na katika maombi ya fedha za utafiti, tuandike wati pale tunapokusudia wati, na wati-saa pale tunapokusudia wati-saa. Mzee wa Kiptere anayetupatia asubuhi yake ili atutofautishie irabu mbili anastahili kukuta mashine iliyochaguliwa kwa uangalifu usiopungua ule anaoutumia yeye kutamka.